Kuomba Maji kwa Kiojibwe

Kuna aina ya makala kuhusu lugha zinazopotea ambayo ukisoma tatu umezisoma zote. Inaanza na mzee, mara nyingi bibi, ameketi karibu na dirisha. Tunatajiwa umri wake, tunatajiwa wamebaki wangapi wanaosema kama yeye, kisha linaletwa neno moja zuri ambalo eti halitafsiriki. Mwandishi anahuzunika, msomaji anahuzunika, na lugha yenyewe hatujaisikia. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma na kutazama kazi zinazohusu mafunzo ya Kidakota na Kiojibwe huko Minnesota na Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, na nimejikuta nikizigawa mafungu mawili: zinazoomboleza na zinazofundisha. Za kuomboleza ni nyingi zaidi, na ndizo zinazochosha upesi.

Nianze na filamu. First Speakers: Restoring the Ojibwe Language ilitolewa mwaka 2010 na televisheni ya umma ya Minneapolis na St. Paul. Anayesimulia ni Louise Erdrich, mwandishi wa riwaya na mwenyewe Mwojibwe. Maombolezo yamo: wazee wanaondoka, muda unakimbia, shule za bweni zilifanya kazi yake. Kisha kamera inaingia katika shule mbili ambako kila somo, kuanzia hesabu hadi muziki, linafundishwa kwa Kiojibwe: Niigaane, katika eneo la Leech Lake huko Minnesota, na Waadookodaading, huko Lac Courte Oreilles, Wisconsin. Hapo ndipo nilipoiweka simu pembeni. Mtoto anayefanya hesabu za kutoa kwa lugha ya babu yake hana muda wa kutuhuzunisha; ana kazi. Lawama yangu kwa filamu hii ni moja, kwamba haikai darasani vya kutosha. Kila tunapoanza kuzoea sauti za watoto tunarudishwa kwa wataalamu, ambao wanatueleza kwa Kiingereza umuhimu wa kile tulichokuwa tunakisikia.

Waadookodaading maana yake ni mahali watu wanaposaidiana. Mafunzo ya aina hii hayaishii ubaoni. Majira ya kuchipua yakianza, watu huenda msituni kugema utomvu wa miti ya maple na kuuchemsha mpaka uwe sukari. Inahitajika kama lita 40 za utomvu kupata lita moja ya sharubati nzito. Hilo ni somo la hesabu, la kemia, la mila na la subira kwa pamoja, na vitenzi vyake mtoto anavijua kwa sababu mikono yake imevifanya. Mwisho wa kiangazi huvunwa manoomin, mpunga wa porini unaoota ziwani. Theluji ikianguka, ni zamu ya hadithi.

Hadithi zinataka maelezo kidogo. Kiojibwe kinatofautisha dibaajimowin, yaani habari au kisa cha kawaida, na aadizookaan, hadithi ya kale yenye heshima yake. Ya pili husimuliwa wakati wa baridi tu, na kisarufi imo katika ngeli ya wenye uhai. Ya kwanza haimo. Fikiria mhakiki anayetaka kuichambua fasihi hii mwezi Julai. Anapaswa kungoja! Sisi tunaotaka kila kitu kipatikane mtandaoni usiku na mchana tunaweza kuona ni usumbufu. Mimi naona ni hoja ya kifasihi: maandishi yana msimu wake, kama embe.

Nimetaja ngeli, na hapa nina ugomvi na kitabu kinachopendwa sana. Robin Wall Kimmerer ni mtaalamu wa mimea na Mpotawatomi. Kipotawatomi na Kiojibwe ni ndugu wa karibu. Katika Braiding Sweetgrass, kilichotoka mwaka 2013, ana sura inayohusu sarufi ya uhai, na humo anajenga hoja kwamba lugha inayoihesabu dunia kuwa hai huwafundisha wasemaji wake kuiheshimu. Wasomaji wa Kiingereza wameipokea kama ufunuo. Msomaji wa Kiswahili anatulia kidogo. Katika Kiojibwe asin, yaani jiwe, ni mwenye uhai, sawasawa na sisi kusema "jiwe mkubwa ameanguka". Inashangaza, ndiyo. Lakini tunda liitwalo miskomin, aina ya beri, lina uhai, na ode'imin, yaani stroberi, haina. Glavu ya baridi ina uhai. Kiatu, makizin, hakina. Anayetaka kusimamisha falsafa nzima juu ya jiwe anieleze glavu ilipataje roho na kiatu kikaikosa. Sisi ambao kifaru wetu alizaliwa na KI- kichwani, na mti wetu haupati "a-" hata uishi miaka mia, tunajua kwamba ngeli zina historia na ukaidi wake.

Hata hivyo sitaki kuwa mwepesi wa kubeza. Neno mitig likiwa katika ngeli ya uhai ni mti. Likiwa nje yake ni fimbo. Ngoma ni mwenye uhai, na kiko cha ibada pia. Hizo si ajali tupu. Na nikiri sehemu nzuri ya sura ya Kimmerer si ufunuo wake, bali ni pale anapokasirishwa na kitenzi chenye maana ya "kuwa Jumamosi" na kukaribia kukata tamaa. Hapo ni mwanafunzi, na ninamwamini.

Kazi ninayoipenda kuliko zote haikuandikwa isomwe kama fasihi. Ni Ojibwe People's Dictionary, kamusi ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Minnesota, iliyofunguliwa mwaka 2012. Unatafuta neno, unabonyeza, unasikia msemaji akilitamka. Nimepitisha jioni kadhaa humo. Kahawa ni makade-mashkikiwaaboo, maji meusi ya dawa, na anayekunywa kahawa asubuhi kabla ya kusalimia watu hahitaji maelezo zaidi. Televisheni ina neno lake. Hakuna anayelia katika kamusi hii. Imejaa vitenzi, kwa sababu lugha yenyewe imejaa vitenzi, na ukivifuata unaona watu wakipiga kasia, wakipika, wakichoka.

Kwa Kidakota mambo ni magumu zaidi, na ndiyo maana kitabu chake bora ni kizito. Vita vya mwaka 1862 viliisha kwa wanaume 38 kunyongwa pamoja mjini Mankato, tarehe 26 Desemba, na mwaka uliofuata sheria ya Marekani ikaamuru Wadakota waondolewe Minnesota. Wanaume waliofungwa walipelekwa Davenport, Iowa. Gerezani wengi walijifunza kuandika lugha yao kwa alfabeti iliyotengenezwa na wamisionari, wakaandika barua. Clifford Canku na Michael Simon walitafsiri 50 kati yake na kuzichapisha mwaka 2013 kwa jina The Dakota Prisoner of War Letters, Kidakota kikiwa kimewekwa pamoja na tafsiri. Ninachokithamini ni kwamba watafsiri hawakuwageuza wafungwa kuwa mashujaa wa mabango. Wanaume hawa wanauliza habari za wake na watoto. Wanaomba. Kwa anayejifunza Kidakota leo, huu ni urithi wa ajabu: sentensi za watu waliokuwa na haja, zilizoandikwa na wenyewe.

Ella Deloria, Mdakota wa Yankton, alieleza katika Speaking of Indians (1944) jinsi maisha ya Wadakota yalivyosimama juu ya undugu, na jinsi kuitana kwa neno la undugu kulivyotangulia mazungumzo yoyote. Mtu aliyefundishwa kusema shikamoo kabla ya kuomba chumvi hahitaji kushawishiwa. Ila Kidakota kinakwenda mbali zaidi: neno la mwanamume kumwita kaka yake mkubwa si lile la mwanamke. (Kiswahili cha zamani kilikuwa na "umbu", ndugu wa jinsia nyingine, sijui vijana wangapi bado wanalo.) Kwa hiyo darasa linahitaji shangazi na wajomba, si mwalimu mmoja na kitabu.

Minneapolis, mji ambao jina lake linaanza na mni, neno la Kidakota la maji, umekuwa na mradi wa watoto wadogo uitwao Wicoie Nandagikendan. Neno la kwanza ni la Kidakota, maneno au lugha. La pili ni la Kiojibwe, kutafuta kujua. Lugha hizi hazina undugu kabisa, kama Kiswahili na Kijaluo, na wenyewe walipigana vizazi na vizazi. Hata jina "Sioux", ambalo dunia iliwabandika Wadakota, lilitoka kwa Waojibwe likapitia midomo ya Wafaransa. Kuliweka jina la mradi hivyo, nusu kwa nusu, kunanieleza zaidi kuliko makala nyingi za kurasa kumi.

Lakini sisi wasomaji wa Kiswahili tusikimbilie upande wa waliodhulumiwa. Bibi yangu mzaa mama alisema Kiluguru, na wajukuu tukamjibu Kiswahili. Hakuna aliyetuchapa, wala kutuvika kibao shingoni, kama walivyofanyiwa watoto wengi wa Kenya na watoto wa Kidakota na Kiojibwe katika shule za bweni. Kiswahili kilishinda nyumbani kwetu kwa sababu kilikuwa na redio, mpira na utani. Siku utani ulipohama, Kiluguru kikabaki na misiba na matambiko, na mtoto hana shughuli nyingi huko. Kwa hiyo ninaposoma makala inayosifu Kiojibwe kwa kuwa lugha ya sala, nafsi yangu inasita. Kuna njia ya kuitukuza lugha mpaka isiweze tena kutumika kuomba maji.

Erdrich alilielewa hili mapema. Katika insha aliyoiandika mwaka 2000 kwa gazeti la New York Times, miongoni mwa sababu zake za kujifunza Kiojibwe ukubwani aliweka hii: alitaka kuelewa vichekesho. Mwaka 2024 filamu ya kwanza ya Star Wars ilitolewa ikiwa na sauti za Kiojibwe, na wapo watakaoiona kama mchezo tu. Sawa, na iwe mchezo.

Ninachokikosa bado ni mwandishi atakayeketi mwaka mzima nyuma ya darasa mojawapo na kuandika habari zisizo na utukufu: mzee anayeijua lugha lakini hana cheti cha ualimu, kijana mwenye cheti ambaye lugha hajaishika vizuri, na mkuu wa shule anayewahitaji wote wawili kwa mshahara mmoja. Na watoto. Nimesoma mengi kuhusu watoto hao, nimewaona wakiimba na kuhesabu, na hakuna hata mwandishi mmoja aliyeniletea tusi lao, wala kichekesho kimoja kibaya walichoambiana kwa Kiojibwe mwalimu alipogeukia ubao.