Sikio la Mpigapicha

Jua likizama Songea giza halina subira. Milima ya Matogoro, iliyo mashariki ya mji, hubaki na wekundu kidogo mabegani, kisha nao huzimika. Katika nchi zetu za karibu na ikweta machweo ni mafupi, na nusu saa haipiti kabla mtu aliye hatua kumi mbele yako hajawa kivuli. Ngoma nayo ndiyo kwanza imepata moto. Hapo wapigapicha hugawanyika: wako wanaochomoa flashi, na wako wachache wanaoiacha ndani ya begi, wakafungua tundu la lenzi hadi mwisho na kuutumia mwanga uliopo, uwe wa balbu moja ya uani, wa taa za jukwaa au wa moto wa kuwambia ngoma. Hawa wa pili huonekana wakaidi. Mimi nadhani ndio wenye ufundi wa kusifiwa, wala si kwa sababu macho yao ni makali kuliko ya wenzao. Kazi yao, kwa sehemu kubwa, hufanywa kwa sikio.

Tuanze na flashi yenyewe, maana wengi huisifia kazi isiyoiweza. Mwanga unaotoka kwenye taa ndogo hutawanyika kadiri unavyokwenda: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Mpiga ngoma aliye mita mbili kutoka kwenye kamera hupata mara kumi na sita ya mwanga anaoupata mchezaji aliye mita nane. Ukimpimia wa nyuma, wa mbele anaungua. Ukimpimia wa mbele, wa nyuma wanamezwa na weusi, kana kwamba ngoma ilichezwa na watu wawili ukutani. Kuna na hasara nyingine isiyosemwa sana. Flashi haishii kuongeza mwanga juu ya ule uliokuwapo, inaumeza. Taa iliyokuwa ikimmulika mwimbaji kutoka ubavuni, ikamchora nusu uso na kuuacha upande wa pili kwenye siri yake, haionekani tena. Picha inayotoka ni ya mtu aliyesimama mbele ya kamera. Ile jioni haimo.

Ukiikataa flashi, unajikuta na kilango cha kamera kinacholazimika kukaa wazi kwa muda mrefu, tuseme 1/60 ya sekunde. Ni muda mfupi kwa mtu, lakini mrefu kwa mkono wa mpiga ngoma: ukienda kwa kasi ya mita tatu kwa sekunde, utakuwa umesafiri sentimita tano kabla kilango hakijafunga, na picha itakuwa imecheza. Hata hivyo, mkono huo hauendi kwa kasi moja. Ukipandishwa, hufika mahali ukasita kabla ya kushuka. Mchezaji anayeruka naye husita kileleni. Awe ameruka sana au kidogo, hukaa ndani ya sentimita tano za kilele chake kwa takriban moja ya tano ya sekunde, na huo ni muda wa kutosha kabisa kwa kilango cha 1/60. Tatizo ni kwamba tangu jicho lione hadi kidole kibonyeze hupita takriban moja ya tano ya sekunde hiyohiyo. Anayesubiri kuona kilele ndipo abonyeze, atapata mteremko. Kinachobaki ni kujua kilele kinakuja lini kabla hakijafika, na jambo pekee linaloweza kumwambia mtu hivyo ni mdundo. Ngoma hujirudia. Aliyeusikiliza mzunguko mara nne au tano anajua mguu wa mchezaji utatua wapi, kama anavyojua mpokezi wa wimbo ni lini aingie. Kiswahili, kwa bahati nzuri, kilishaweka picha na ngoma chini ya kitenzi kimoja: vyote hupigwa. Wapigapicha wa gizani ndio walioshika maana ya kitenzi hicho sawasawa, kwa kuwa pigo lao hulazimika kuangukia mahali palepale linapoangukia la ngoma, au nusu pigo kabla yake.

Ndiyo maana ufundi huu haujifunzwi kwa ujumla tu. Hujifunzwa ngoma kwa ngoma, na mkoa wetu wa Ruvuma ni shule nzuri. Lizombe, ngoma inayojulikana nchini kote kuwa ya Wangoni, haina utulivu wa mganda wa watu wa Ziwa Nyasa. Mganda una damu ya gwaride. Watafiti wa ngoma za aina hii, akiwamo Terence Ranger aliyechapisha kitabu chake kuhusu ngoma ya beni mwaka 1975, wameonyesha jinsi mitindo ya kijeshi ya enzi za ukoloni ilivyochukuliwa na vijana wa Afrika Mashariki ikageuzwa mchezo, ushindani na umaridadi. Katika mganda watu hujipanga safu, hugeuka pamoja, husimama pamoja. Mpigapicha aliyeusikiliza hupewa vituo vingi kama zawadi. Kwaya nayo, kama zile za makanisa ya Songea na ya abasia ya Peramiho iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, ina kituo cha namna yake: pumzi. Kabla ya kila ubeti vifua huinuka, midomo hufunguka, na kwa kitambo kidogo watu arobaini hawatikisiki. Na mpiga gitaa la solo? Huyo usimwangalie vidole, havikamatiki. Msikilize anapoifikia noti ya kuivuta, kwa sababu hapo uso wake wote huganda juu ya noti hiyo.

Kuna hoja ya ngozi, na ni nzito kuliko inavyodhaniwa. Hudaiwa kwamba watu weusi usiku bila flashi hawaonekani, hivyo flashi ni heshima kwao. Historia ya vifaa ndiyo iliyotufundisha kusema hivyo. Kwa miongo kadhaa maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la Shirley, na nyuso zetu zikatoka kama madoa yenye meno. Ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Msumbiji, mwongozaji filamu Jean-Luc Godard alialikwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na anakumbukwa kwa kuikataa filamu ya Kodak akiiita ya kibaguzi. Malalamiko yaliyoisukuma kampuni hiyo kurekebisha filamu yake, inajulikana sana, yalitoka kwa watengeneza chokoleti na samani za mbao waliotaka rangi zao za kahawia zionekane vizuri. Na iliporekebishwa, ikasifiwa kwamba inaweza kunasa maungo ya farasi mweusi penye mwanga hafifu. Farasi! Lakini tatizo la filamu halikuwa tatizo la giza. Ngozi nyeusi huchorwa na mng'ao: mwanga unaoteleza juu ya mfupa wa shavu, unaokaa kwenye jasho la paji la uso, unaofuata mshipa wa shingo mwimbaji anapopandisha sauti. Taa moja ya pembeni huyaonyesha hayo yote. Flashi ya usoni huyasawazisha yakawa bapa, ikaacha baka jeupe puani. Kosa la kawaida gizani, kwa kweli, ni kinyume cha linaloogopwa: kipimo cha mwanga cha kamera hukiona kiwanja cheusi, kikadhani kila kitu kinapaswa kuwa kijivu, kikaongeza mwanga hadi nyuso zikaungua. Fundi hukipuuza kipimo hicho, akapima uso peke yake, na usiku akauacha uwe usiku. Roy DeCarava wa Harlem alifanya hivyo maisha yake yote akiwapiga picha wanajazi kina John Coltrane kwa mwanga uliokuwapo, na weusi wa picha zake una tabaka nyingi kama sauti ya besi. Kitabu chake alichokitunga mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilichosubiri hadi 2001 kuchapishwa, alikiita The Sound I Saw, sauti niliyoiona.

Mpinzani mwenye akili ataniletea majina mawili: Malick Sidibé wa Bamako na Jean Depara wa Kinshasa. Wote walitembea usiku na flashi, na picha zao za dansi ni miongoni mwa hazina za bara hili. Nakubali bila kigugumizi. Lakini tazama picha hizo zilikuwa za nini. Vijana wa Bamako walimwita Sidibé kwenye sherehe zao, wakajipanga mbele yake kwa suruali mpya na sahani za santuri mikononi, na siku zilizofuata wakaenda studio kwake kujitafuta kwenye picha alizobandika. Flashi ilikuwa mgeni mwalikwa, sehemu ya raha yenyewe. Bwana na bibi harusi wa Songea wanaposimama kukata keki nao wanaisubiri, na sina ugomvi nayo hapo. Mpiga ngoma aliyefumba macho hakuisubiri. Ukimmulika, unapata picha ya mtu aliyekatizwa.

Hoja ya gharama haina uzito mkubwa. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ni kati ya lenzi za bei nafuu kabisa, na hupitisha karibu mara kumi ya mwanga unaopitishwa na lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera ikivutwa hadi f/5.6. Haina kuvuta, kwa hiyo lazima usogee kwa miguu, na kusogea kunadai adabu: kujulikana na wenye ngoma, kujua mahali pasipokanyagwa.

Hoja ya teknolojia ni ngumu zaidi. Simu za leo zina hali ya usiku, na kamera mpya hupandisha ISO, yaani usikivu wake kwa mwanga, hadi viwango ambavyo zamani vingeijaza picha chenga tupu. Je, ufundi haujafa? Hali ya usiku hupiga picha kadhaa mfululizo na kuzishona kuwa moja. Kwa mshumaa ni nzuri, kwa mchezaji wa lizombe humpa mikono minne. ISO kubwa husaidia kweli, lakini haikuambii lini ubonyeze. Na kila mwanga mpya huja na sheria zake. Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, baada ya miaka ya kutegemea mitambo ya dizeli. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za LED za bei ya chini hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kugundua. Ukiiweka kamera kwenye kasi kubwa, picha hukatizwa na mistari myeusi; ukirudi kwenye 1/100 au 1/50, mistari hupotea. Kwa hiyo hata penye umeme wa uhakika mpigapicha anarudishwa kwenye kilango cha polepole, na kilango cha polepole kinamrudisha kwenye kusikiliza.

Zitabaki picha zilizocheza, na wateja watazilalamikia. Zile zilizotikiswa na mkono wa mpigapicha ni makosa, zifutwe. Nyingine ambazo uso umetulia na mkono juu ya ngoma umekuwa moshi, hizo ningezitetea mbele ya kamati yoyote ya harusi, kwa sababu moshi huo ndio mdundo ulioachwa uonekane. Anayetaka kila kitu kigande ana flashi yake. Ila akumbuke kwamba flashi ndogo, ikishawaka kwa nguvu zake zote, huhitaji sekunde kadhaa kujijaza tena, na safu ya mganda, kiongozi akishatoa ishara, husimama kwa pigo moja tu kisha ikaondoka.