Beki Asiyegonga

Hoki ya barafuni ni mchezo wa vishindo. Uwanja wake una urefu wa mita 61 hivi na umezungushiwa ukuta, wachezaji huteleza kwa kasi, na sheria zinaruhusu kumvaa kwa bega yule mwenye kisahani, kinachogombewa badala ya mpira. Ndiyo maana wengi humpima beki kwa idadi ya watu aliowabwaga. Nashikilia kuwa kipimo hicho ni kibovu, na kwamba ufundi wa ubeki ni kumnyima mshambuliaji njia kabla hajaitafuta. Shahidi wangu ni Nicklas Lidström, Mswidi aliyeichezea Detroit Red Wings tangu 1991 hadi 2012, bila kuhamia klabu nyingine yoyote ya ligi ya NHL.

Beki wa hoki hufanya kazi akirudi kinyumenyume huku mshambuliaji akimjia uso kwa uso. Akimwendea mapema mno anapitwa. Akirudi nyuma kupita kiasi anampa nafasi ya kupiga. Lidström aliujua umbali unaofaa kwa namna inayostahili kuitwa elimu. Aliziba katikati kwa mwili, akanyoosha gongo kwenye njia ya pasi, akamwachia mpinzani pembeni tu, ambako kadiri anavyosogea ndivyo lango linavyozidi kuwa jembamba machoni pake. Katika fainali ya 1997 ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, Detroit walipambana na Philadelphia Flyers ya Eric Lindros, pande la mtu lenye zaidi ya kilo 100. Ilitarajiwa kwamba kocha Scotty Bowman angemkabidhi kazi ya kumkaba Lindros Vladimir Konstantinov, beki wa shoka. Bowman akawapanga Lidström na Larry Murphy, ambao sifa yao haikuwa ubabe. Detroit walishinda mechi zote nne, na Lindros akaambulia goli moja, katika sekunde za mwisho za mechi ya nne.

Atakayepinga atamtaja Scott Stevens. Mwaka 2000 nahodha huyo wa New Jersey Devils alimvaa Lindros huyohuyo kwa bega, akamlaza kwenye barafu. Timu yake ikatwaa kombe, naye akachaguliwa mchezaji bora wa mchujo. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa hofu aliyowatia washambuliaji ilikuwa silaha ya kweli. Lakini pigo la namna ile hutegemea kosa la mwingine: Lindros alikuwa ameinamisha kichwa. Beki anayevamia akakosa huacha pengo, na nyuma yake amebaki kipa peke yake. Tena kuna gharama. Lindros alitoka na mtikisiko wa ubongo, na maumivu ya aina hiyohiyo ndiyo yaliyokatisha mchezo wa Stevens mwenyewe mwaka 2004. Lidström alicheza mechi 1,564 za msimu wa kawaida kwa dakika 514 za adhabu, yaani sekunde 20 hivi kwa mechi. Hilo si suala la adabu tu. Beki aliyetolewa kwa adhabu huiacha timu yake pungufu.

Wapo pia wasemao kwamba alibebwa na wenzake, akina Steve Yzerman na Sergei Fedorov. Walimsaidia, naam. Hata hivyo, Yzerman alipostaafu 2006, Lidström ndiye aliyevishwa unahodha, na 2008 akawa nahodha wa kwanza aliyezaliwa na kulelewa kimchezo Ulaya kutwaa Kombe la Stanley. Tuzo ya Norris, ya beki bora wa ligi, aliipata mara saba: ya kwanza akiwa na miaka 31, ya mwisho akiwa na 41. Nguvu za misuli hazidumu hivyo. Msomaji anayetaka kuuona ubeki wenyewe na atafute fainali ile ya 1997, akiache kisahani, amtazame Lidström kabla kisahani hakijamfikia.