Bei, Waranti na Vikorokoro: Namna Ushirika Ulivyonunua Pikapu Mpya

Ushirika mmoja wa wakulima wa parachichi mkoani Njombe uliamua kununua pikapu mpya ya dizeli, ya kabini mbili, moja kwa moja kwa wakala Dar es Salaam. Mkutano ulichemka, maana wengi wetu tumezoea magari yaliyotumika Japani, na kwa fedha zile wangepata mawili. Kamati ilishikilia hoja yake. Gari la ushirika linapita mikononi mwa madereva tofauti na linabeba mzigo kila siku, na likiharibika msimu wa mavuno, matunda ya wanachama yanaozea shambani. Kwa wakala unanunua chuma na ahadi pamoja, na walitaka vyote viwili.

Mama mwenyekiti aliniomba nikae nao mezani kuwasaidia makaratasi. Naandika uchambuzi huu kwa sababu waliyaendesha mazungumzo yale kwa nidhamu ambayo hata kampuni kubwa mara nyingi hazina. Mambo yalikuwa matatu: bei, waranti na vikorokoro vya kuongezea. Waliyatenganisha, wakayajadili kwa zamu, na lililokubaliwa liliandikwa kwenye proforma kabla ya kugusa linalofuata.

Mpangilio huo una sababu. Muuzaji mzoefu huyachanganya matatu hayo kwa makusudi. Ukibana bei, anakutajia mazulia. Ukiuliza waranti, anakukumbusha punguzo alilokupa. Unaondoka umeridhika, lakini ukiulizwa nyumbani umeokoa shilingi ngapi huna jibu. Dada wa mauzo alijaribu mapema kabisa: "Mama, nikiwawekea turubai la bodi, tinti na makava ya viti, tunafunga leo?" Mwenyekiti akamjibu kwa upole: "Ahsante mwanangu. Kwanza nipe bei ya gari tupu. Hayo mengine tutayafikia."

Bei: nafasi iko wapi

Anayeingia shoruumu akidai apunguziwe robo ya bei anaonekana mara moja kuwa hajui gari jipya linavyopangwa bei. Tuchukue mfano wa gari la familia lenye injini ya zaidi ya cc 2,000, lililofika Bandari ya Dar es Salaam likiwa na thamani ya shilingi milioni 60, nauli ya meli na bima zikiwemo. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 15, tunafika milioni 75. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya hapo ni milioni 7.5, tunafika 82.5. VAT ya asilimia 18 ni milioni 14.85. Gari sasa ni milioni 97.35, na tozo ndogondogo hatujazigusa. Zaidi ya milioni 37 ni kodi, na muuzaji hawezi kukuachia fedha ya serikali. Kinachojadiliwa ni faida ya wakala, na kwenye gari jipya faida hiyo ni sehemu ndogo ya tarakimu inayosomeka kwenye karatasi.

Hata hivyo ipo hesabu moja inayomsaidia mnunuzi. VAT ya mauzo hupigwa kwenye bei anayolipa mteja. Akikupunguzia shilingi 1,180,000 kwenye bei yenye VAT, mfukoni mwake imetoka 1,000,000 tu, kwa sababu 180,000 zilizobaki zilikuwa za kwenda TRA. Mhasibu wa ushirika aliitoa hesabu hiyo mezani bila kupandisha sauti, na dada wa mauzo akainuka kwenda kumwona bosi wake.

Kitu cha pili kilichowapa nguvu ni proforma za wakala wengine wawili, wa chapa tofauti. Hapa ushauri mwingi wa mtandaoni huwapotosha watu wetu, kwa sababu umeandikwa kwa ajili ya Marekani. Kule mji mmoja unaweza kuwa na wauzaji kadhaa wa chapa ileile wanaogombea mteja mmoja, na tangu mwaka 1958 sheria inataka kila gari jipya libandikwe kwenye kioo bei inayopendekezwa na kiwanda. Kwetu chapa nyingi zina wakala mmoja kwa nchi nzima. Ukimwambia utakwenda kwa mwenzake, anajua mwenzake hayupo. Mshindani wake wa kweli ni chapa nyingine yenye gari la kazi ileile, kwa hiyo uwe tayari kweli kuinunua hiyo nyingine. Kamati ilikuwa tayari, na ilionekana.

La tatu ni sarafu. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bidhaa zinazouzwa ndani ya nchi kutajwa bei au kulipwa kwa fedha za kigeni, na proforma za magari sasa huja kwa shilingi. Lakini wakala bado anaagiza kwa fedha za nje, kwa hiyo hatari ya sarafu kushuka huifunga ndani ya sentensi moja chini ya karatasi: bei inaweza kubadilika bila taarifa. Sentensi hiyo inaweza kumeza punguzo lote mlilohangaikia. Kamati ilitaka ifutwe na badala yake iandikwe kwamba malipo ya awali yakishapokelewa, bei haibadiliki hadi gari likabidhiwe. Walijadili mstari huo kwa muda mrefu kuliko walivyojadili punguzo lenyewe, na walikuwa sahihi.

La mwisho kuhusu bei ni umri wa gari. Gari linaweza kuwa halijatembea na bado likawa limekaa yadi muda mrefu, juani, betri ikichoka. Fundi waliyekwenda naye aliinama kwenye tairi na kusoma tarakimu nne zilizogongwa ubavuni karibu na herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 1124 ni tairi la wiki ya 11 ya mwaka 2024. Matairi yakiwa na mwaka mzima na zaidi, una haki ya kuuliza gari lilitengenezwa lini, na jibu hilo ni hoja halali ya kupunguziwa au ya kubadilishiwa betri.

Waranti: hesabu ambayo wengi hawaipigi

Waranti ya kawaida ya gari jipya ni miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayoamua. Mstaafu anayeendesha kilomita 1,000 kwa mwezi atamaliza miaka 3 akiwa na kilomita 36,000. Kwake waranti inaisha kwa kalenda. Pikapu ya ushirika ilikadiriwa kutembea kilomita 4,000 kwa mwezi. Kwa mwendo huo 100,000 zinafika mwezi wa 25, na mwaka wa tatu wa waranti unabaki maandishi tu. Kabla hujaomba lolote, jua gari lako litafikia kipi kwanza, miaka au kilomita.

Kuna hesabu nyingine iliyonishtua. Waranti huwa na sharti la sevisi kwenye gereji iliyoidhinishwa, na ya karibu na wanunuzi hawa iko Mbeya, zaidi ya kilomita 200 kutoka Njombe. Sevisi ikiwa kila kilomita 5,000, kuna safari 20 ndani ya kilomita 100,000, na kila safari ni zaidi ya kilomita 400 kwenda na kurudi. Jumla haipungui kilomita 8,000. Yaani asilimia 8 ya waranti yenyewe inaliwa na safari za kuilinda waranti, mbali na dizeli na siku za dereva.

Mwenyekiti akauliza swali ambalo kila mnunuzi angepaswa kulibeba: "Anayeamua kama madai yetu ya waranti yamekubalika ni nani? Naomba aje hapa." Dada wa mauzo anauza tu; siku injini itakapogoma, hatakuwepo chumbani. Mkuu wa gereji aliitwa, na kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya watu wanaojua wanachosema.

Alieleza kwa uwazi kwamba waranti ya kiwanda haiko mikononi mwake. Hawezi kuongeza mwaka wala kilomita. Ahadi za wakala mwenyewe ndizo zinazojadilika, na kamati ikahamia huko. Walipata mambo manne, yote kwa maandishi. Sevisi ndogo, za kubadilisha oili na chujio, zitafanywa na fundi wa wakala atakayefuata gari Njombe, na kubwa zitafanywa Mbeya. Sevisi za mwanzo zitakuwa bila malipo, vifaa pamoja na ufundi, maana neno "bure" mara nyingi hufunika ufundi peke yake huku oili ukilipia. Gari likizimika kwa kosa la kiwanda, gharama ya kulivuta ni ya wakala. Na kabla ya kufika kilomita 100,000 litafanyiwa ukaguzi kamili bila malipo, ili kasoro zitakazoonekana zitengenezwe waranti ikiwa hai. Hilo la nne nalithamini kuliko yote, kwa sababu limeurudishia ushirika sehemu ya thamani waliyokuwa wanaipoteza kwa kutembea sana.

Kisha wakasoma kisichofunikwa. Pedi za breki, matairi, balbu na vifagio vya kioo huchakaa kwa kazi, na hakuna wa kumlaumu. Ugomvi mkubwa wa magari ya dizeli hutokea kwenye nozeli na pampu, gereji inaposema mafuta yalikuwa machafu. Mkuu wa gereji alishauri wajaze kwenye vituo vichache vinavyojulikana na watunze kila risiti ya EFD. Mhasibu alifungua faili la risiti hizo siku ileile.

Nje ya kijitabu cha waranti kuna sheria pia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ya msingi kuhusu ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa kazi ambayo mnunuzi ameieleza. Ndiyo maana mwenyekiti aliomba iandikwe kwenye oda kwamba gari litabeba mazao katika barabara za vumbi na milima. Muuzaji aliyeelezwa kazi kabla ya mauzo atapata shida kugeuka baadaye na kusema gari lilitumiwa vibaya.

Vikorokoro: kipi ukubali, kipi ukatae

Wakala huona rahisi kutoa vikorokoro kuliko fedha, kwa sababu anavinunua kwa bei ya jumla na kukuhesabia kwa bei ya rejareja. Makava ya viti anayosema ni ya laki kadhaa hayajamgharimu hivyo. Kwa hiyo kila kilichotajwa kilipewa bei ya Kariakoo pembeni, na wakahesabu kwa bei hiyo.

Halafu wakavigawa kwa kigezo kimoja: je, kinagusa nyaya au injini? Mazulia, makava ya viti na turubai la bodi havigusi. Unaweza kuvinunua popote, na ukipewa bure shukuru, lakini usiviachie punguzo. Kifaa cha kufuatilia gari, alamu, taa za ziada na redio mpya vinagusa nyaya. Fundi wa mtaani akikata waya mmoja, mfumo mzima wa umeme unaweza kutolewa kwenye waranti. Vitu hivyo walitaka vifungwe na wakala mwenyewe na viorodheshwe kwenye oda, hata kama kwake ni ghali kidogo. Bampa la chuma la mbele na ndoano ya kuvutia tela waliviomba vile tu ambavyo kiwanda kinavikubali, kwa sababu vinabadilisha uzito na namna gari linavyopokea kishindo.

Tinti waliikataa. Badala yake waliomba tairi la akiba la ukubwa kamili lenye rimu yake, jeki inayobeba gari likiwa na mzigo, pembetatu za tahadhari, kizimamoto na sanduku la huduma ya kwanza. Havina mvuto shoruumu, lakini ndivyo dereva atakavyovitafuta gizani kwenye kona za mlima Kitonga.

Siku ya kukabidhiwa

Nguvu ya mnunuzi inaisha anapomaliza kulipa, kwa hiyo kamati ilibakiza sehemu ya malipo hadi ukaguzi ukamilike. Walichukua gari mchana kweupe. Namba ya chesesi ililinganishwa na nyaraka, kilomita za dashibodi zikasomwa, rangi ikatazamwa juani, vikorokoro vikapigiwa alama kimoja kimoja. Kijitabu cha waranti kiligongwa muhuri kikiwa na tarehe ya siku ile ya makabidhiano. Usiruhusu tarehe ya usajili itumike, maana gari linaweza kusajiliwa wiki kadhaa kabla hujaliona, na wiki hizo zinakatwa kwenye haki yako.

Punguzo walilopata si la kutangaza, na ukilipima kwa punguzo peke yake utasema walifanya kawaida tu. Faida yao iko kwenye mistari michache iliyoongezwa kwenye oda: bei isiyobadilika, fundi anayewafuata, ukaguzi kabla ya kilomita 100,000, nyaya zilizofungwa na aliyetoa waranti. Mnunuzi asiye na ushirika nyuma yake anaweza kupata yote haya. Hayadai kujuana na mtu wala fedha nyingi. Yanadai uulize kabla ya kulipa, na ukatae kusaini mpaka jibu liwe limeandikwa. Muuzaji akikwambia jambo fulani ni la kuaminiana tu, mpe kalamu aliandike. Akisita, umeshajua thamani ya ahadi yake, na fedha bado iko mkononi mwako.