Hadithi ya Lialina ingali inasomeka, mbwembwe za Flash zimenyamaza

Kila muhula huwasikia wanafunzi wangu wakidai kuwa kazi ya mtandaoni huwa bora kadiri inavyosheheni sauti, video na michoro inayochezacheza. Napinga. Ushahidi wangu ni hadithi ya mwaka wa 1996 iitwayo My Boyfriend Came Back from the War, yaani mpenzi wangu amerudi kutoka vitani. Mtunzi wake ni msanii wa Moscow, Olia Lialina.

Tukumbuke zama zenyewe. Kivinjari kilichovuma kilikuwa Netscape, na picha moja kubwa iliweza kuchukua dakika nzima kufika kupitia laini ya simu. Kampuni ya Macromedia ilikuwa imeleta Shockwave na punde ikaja Flash. Watunzi wengi wakakimbilia huko, eti ukurasa usiosogea umekufa! Lialina yeye alitumia fremu, mbinu iliyokuja na toleo la pili la Netscape ya kugawa ukurasa mmoja katika vyumba kadhaa. Akaongeza maandishi meupe juu ya weusi na picha chache ndogo zisizo na rangi. Basi.

Msomaji hubofya sentensi au picha. Chumba kimoja huwa viwili, navyo hugawanyika tena. Mwanamke na mwanamume waliokutana baada ya vita visivyotajwa jina wanazungumza. Kuna kukiri kwamba jambo fulani lilitokea mara moja tu, kiangazi kilichopita. Kuna kutoaminiana. Kuna posa, halafu siku ya harusi inasogezwa mbele. Nani anasema lipi? Huambiwi. Katika tamthilia, jina la mhusika hutangulia kauli yake. Hapa nafasi kwenye skrini ndiyo inayofanya kazi hiyo, na nafasi yenyewe inazidi kubana. Mipaka ya fremu inawatenga wapenzi hawa kama vita vilivyowatenga. Kauli zikiisha, chumba hubaki cheusi, kitupu. Huo ndio mwingiliano ninaouelewa mimi: kidole cha msomaji ndicho kinachochochea ugomvi na ndicho kinachouzima. Ondoa kubofya huko, na hadithi inakuwa ya mapenzi ya kawaida tu.

Kiingereza chake, kwa hakika, ni cha mgeni, sarufi ina kombo hapa na pale. Wapo watakaoona kasoro. Mimi nasikia watu wawili walioishiwa na maneno. Langu ni lingine. Uhuru wa msomaji ni mdogo kuliko unavyosifiwa. Unachagua mpangilio, huchagui hatima; vyumba huishia gizani, upende usipende.

Adobe, iliyoinunua Macromedia mwaka wa 2005, iliacha kuitunza Flash tarehe 31 Desemba 2020. Kazi chungu nzima zilizoitegemea zikanyamaza, ingawa baadhi zinafufuliwa sasa kwa programu za kuiga. Ya Lialina hufunguka hadi leo. Si kwamba iko salama kabisa: fremu za aina hiyo zimeondolewa katika viwango vipya vya lugha ya HTML, na vivinjari huzionyesha kwa hisani tu. Ndiyo maana nawahimiza wanafunzi waisome sasa, tena kwenye kompyuta. Katika simu vyumba vya mwisho ni vidogo mno, unabofya na hujui umegusa kauli ya nani.