Mbao FC ilishuka kwa kukosa wataalamu? Tulipime hilo jibu

Kaa kijiweni Igoma, sema unasomea menejimenti ya michezo, uone. Swali la kwanza ni: "Haya, Mbao ilishukaje?" Kabla hujafungua mdomo, kuna mtu ameshajibu: hawakuwa na wataalamu. Darasani jibu ni hilohilo, ila limevaa suti: klabu zetu zinaanguka kwa kukosa menejimenti ya kisasa.

Kwetu tunaosomea fani hii, jibu hilo ni tamu mno. Linatuahidi ajira. Ndiyo maana inabidi tulipime kabla ya kulimeza.

Tuanze na fani yenyewe ilikotoka. Shahada ya uzamili ya kwanza ya utawala wa michezo ilianza Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, mwaka 1966. Nyuma ya wazo hilo alikuwepo Walter O'Malley, mmiliki wa timu ya besiboli ya Dodgers, aliyemuuliza mwalimu James Mason ni wapi patapatikana watu waliosomea kuendesha timu na viwanja. Lilikuwa swali zuri. Lakini angalia nani anauliza: ni mmiliki wa timu katika ligi isiyo na kushuka daraja. Ukishika mkia kule, mwakani unacheza ligi ileile, na mpango wako wa miaka mitano unabaki salama. Sehemu kubwa ya tunachokisoma imejengwa juu ya utulivu huo.

Sasa rudi Mwanza. Mbao FC, timu iliyoanzishwa na wafanyabiashara wa mbao, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2016/17. Msimu huohuo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Simba 2–1 katika dakika za nyongeza. Miaka mitatu baadaye ikashuka, baada ya kushindwa na Ihefu kwenye mchujo. Kama ilikosa wataalamu mwaka 2020, je, 2017 ilikuwa nao? Kitu kilichokuwepo siku ya fainali na siku ya kushuka hakiwezi, peke yake, kueleza tofauti ya siku hizo mbili.

Halafu kuna Alliance, timu ya shule, yenye msingi wa kulea vijana ambao vitabu vyetu vinausifu. Ilishuka msimu uleule. Timu mbili za mji mmoja, zenye mifumo tofauti kabisa, mwisho mmoja. Kitu kimoja zilichoshiriki ni ligi yenyewe: ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 20 hadi 18, nne zikashuka moja kwa moja na mbili zikaenda mchujo. Mlango wa kutokea ulikuwa mpana mwaka ule. Sisemi hiyo ndiyo sababu, maana mifano miwili haitoshi kuthibitisha kitu. Nasema haitoshi pia kwa wale wanaosema "wataalamu".

Tuje kwenye hela. Mwaka 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa miaka 10, shilingi bilioni 225.6. Gawanya kwa miaka, kisha kwa timu 16: ni kama bilioni 1.4 kwa timu kwa mwaka. Huo ni wastani wa kukadiria tu, mgawo halisi hauko sawa kwa wote. Mbao na Alliance zilishuka mwaka mmoja kabla. Pamba Jiji, timu ya Halmashauri ya Jiji, ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2024/25 na kuikuta hela hiyo mezani. Kwa hiyo Pamba ikidumu, tusikimbilie kusema "unaona, hawa wana uongozi". Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia mazingira ndiyo yamebadilika.

Na uwanja je? Sura ya mapato ya uwanja huandikwa kana kwamba uwanja ni wako, au angalau una sauti juu yake. Kirumba ni mali ya CCM. Hapo mtaalamu wetu aanzie ukurasa gani?

Sipingi utaalamu. Hesabu safi na mikataba inayoeleweka ni lazima, na mchezaji asiyelipwa mshahara hahitaji nadharia kujua klabu yake inaendeshwa vibaya. Ninachopinga ni kuugeuza utaalamu kuwa dawa ya kila ugonjwa kabla ya kumpima mgonjwa.

Vipimo havipo mbali. Chuo cha Maendeleo ya Michezo kiko Malya, Kwimba, mkoa huuhuu. Wanafunzi wa huko na sisi wa vyuo vikuu tungeweza kulinganisha klabu zilizoshuka na zilizobaki: zilitumia kiasi gani kwa safari (kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000), zililipa mishahara kwa wakati au la, nani alikuwa na sauti ya mwisho kwenye fedha. Kazi ya daftari na nauli tu.

Mpaka tuifanye, pale kijiweni nikiulizwa Mbao ilishukaje, jibu langu la kweli ni: hatujui, kwa sababu hatujahesabu. Watanicheka, najua. Na watakuwa na haki ya kuuliza, sasa hiyo masters ni ya nini?