Deni Linalosimuliwa Mara Mbili

Katika Paradise (1994) ya Abdulrazak Gurnah, riwaya ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, jambo kubwa kuliko yote maishani mwa Yusuf linatokea yeye mwenyewe hana habari: baba yake amemweka rehani kwa tajiri Aziz. Mwandishi mwenye papara angelitoboa ukurasa wa kwanza. Gurnah analianika mbele ya macho yetu bila kulitaja.

Siri ya ufundi huo ni msimulizi wa nafsi ya tatu asiyejitia kujua zaidi ya mvulana wa miaka 12. Tunaona anachokiona Yusuf: mgeni anayemwita ami, mapishi yanayonoga mgeni huyo akija, sarafu anayopewa wakati wa kuagana. Kisha safari ya treni kwenda pwani. Yote hayo ni ushahidi wa deni, lakini machoni pa mtoto ni ukarimu. Msomaji akirudia sehemu hiyo ya mwanzo anagundua kwamba hakufichwa kitu.

Ukweli unapotoka, Gurnah haurudishi wakati nyuma kwa mbinu rejeshi. Anamwachia Khalil, kijana wa dukani, na Khalil hasimulii, anakaripia: huyo si ami yako; baba yako anadaiwa, ndiyo maana uko hapa. Maneno machache tu, ya mwenyeji anayemfunza mgeni adabu za nyumba. Usuli umekuja kwa sababu anayeusema ana haja ya kuusema.

Hata hivyo, Khalil amebakiza. Anakiri kwamba naye yuko pale kwa deni la baba yake; jambo la Amina, msichana aliyelelewa kwao, analimeza. Hadithi nzima inatoka kuelekea mwisho, Yusuf akiwa ameanza kuitwa ndani ya nyumba ya tajiri na moyo wake umeanza kumwelekea msichana huyo. Ndipo tunasikia jinsi Amina alivyoibwa utotoni, jinsi baba yake Khalil alivyomwokoa na kumlea, jinsi wawili hao walivyotolewa rehani pamoja, na jinsi tajiri alivyokuja kumwoa. Habari hiyo ingetangulia, tungesikitika na kupita. Mahali ilipowekwa inamfungia Yusuf njia: anayempenda ni mke wa bwana wake.

Mbinu hii ina gharama yake. Khalil anapozungumza kwa kirefu, mwendo wa riwaya unapungua na Yusuf anageuka msikilizaji. Kinachookoa sehemu hiyo ni aibu ya msemaji. Khalil hatoi taarifa, anajieleza kwa nini bado yupo ilhali deni limekwisha.

Anayeandika riwaya anaweza kuupima usuli wa mhusika wake kwa maswali mawili. Nani ana haja ya kuusema sasa hivi? Ukishasemwa, ni jambo gani halitawezekana tena? Usuli usio na jibu kwa maswali hayo na ubaki kwenye daftari la mwandishi.