Ufundi wa Kupunguza

Tumezoea kudhani kwamba kutengeneza ni kuongeza: kuziba, kuunga, kupaka. Anayeondoa mikwaruzo myepesi kwenye rangi ya gari hafanyi hata moja kati ya hayo. Mkwaruzo ni bonde, naye halijazi bonde hilo. Husugua kingo zake na rangi inayolizunguka, mpaka uso wote ulingane. Nauheshimu sana ufundi huu, kwa kuwa mali unayoichezea haizidi kila unaposugua, hupungua.

Magari mengi tuyaonayo Dar es Salaam au Mombasa yana rangi ya tabaka: praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa klia inayong'aa. Klia ya kiwandani mara nyingi ina unene wa mikroni 40 hadi 50, na milimita moja ni mikroni 1,000. Hata unywele wa kawaida huwa mnene kuliko hapo. Ni ngozi hiyo nyembamba inayoikinga rangi na jua. Mmewaona wazee wa barabarani waliobabuka paa na boneti? Hivyo ndivyo gari linavyokuwa klia ikishaisha.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kupima, si kwa kusugua. Pitisha ukucha polepole kukatiza mkwaruzo. Ukinasa, mkwaruzo umeingia ndani. Mpelekee gari fundi wa rangi. Mikwaruzo mingi ya usukani wa bodaboda kwenye foleni ni ya aina hiyo. Ukucha ukiteleza, kama kwenye alama za kucha nyuma ya vishikio vya milango, kazi ni yako. Maji nayo husema: mkwaruzo unaotoweka ukilowa mara nyingi haujavuka klia. Kinachoonekana cheupe pale ni mwanga uliotawanywa na kingo za mkwaruzo. Rangi bado ipo.

Osha gari, likaushe, liweke kivulini bati lipoe. Weka kompaundi ya kusugulia rangi kiasi cha harage kwenye sponji laini, usugue eneo dogo kwa mkono mwepesi, ufute kwa kitambaa cha mikrofaiba, kisha umulike kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Kwenye kona na mikunjo ya bati sugua kidogo mno, kwani huko klia huwa nyembamba zaidi.

Sasa jambo linalonistaajabisha kila mara: kompaundi yenyewe hukwaruza. Chembe zake ngumu hukata mistari mipya, midogo kuliko ule wa mwanzo, na ndiyo ukungu unaobaki baada ya kufuta. Polishi laini inayofuata huiondoa hiyo kwa kuacha mingine midogo zaidi, mpaka inafika mahali jicho haliwezi tena kuiona. Uso unaoitwa kioo ni mikwaruzo iliyofugwa ikatulia. Ustadi wote umo katika kujua ni lini jicho limeridhika, na kuuweka mkono chini hapo hapo hata kama alama hafifu imebaki. Anayeifukuzia alama hiyo ya mwisho hutoboa klia.

Dawa ya meno, ambayo wengi huisifu, ina chembe za kusugulia kweli, ila haikutengenezwa kwa rangi ya gari. Msasa wa maji, hata namba 2000, mwachie aliyezoea. Nta huja mwisho kabisa. Ile ya karnauba hutokana na majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili. Hung'arisha na kukinga, lakini haiondoi mkwaruzo, huuficha tu.

Mingi ya mikwaruzo hafifu ya mviringo inayoonekana juani kwenye rangi tumeichora wenyewe kwa tambara kavu la kufutia vumbi asubuhi. Vumbi letu ni mchanga. Nakuomba, msomaji, na umwombe na kijana anayekuoshea gari: mwageni maji kwanza, ndipo mguse.